Mwaka Tuliomchagulia Salongo Bunduki

Ujumbe ulinikuta jikoni nikichambua maharagwe, na kwa kuwa namba ilikuwa ya Uganda nilidhani ni wale matapeli wanaonitangazia kila wiki kwamba nimeshinda gari. "Senga Wambui, mimi ni Kato, mtoto wa Salongo. Baba alituacha jana. Alikuwa amesema tukwambie wewe." Kilikuwa Kiswahili cha shuleni, kimenyooka. Kwao senga ni shangazi. Niliweka ungo chini nikaketi kwenye kigoda. Katika umri wangu huu simu ya asubuhi huleta moja kati ya mawili, mchango wa harusi au tanzia, na tanzia nimezizoea kiasi kwamba huuliza maziko ni lini kabla hata sijatoa pole. Siku hiyo sikuuliza kitu. Nililia mpaka jirani akaniita dirishani kuuliza kama nimeungua. Na kilichonijia kichwani hakikuwa uso wa Salongo. Kilikuwa kiganja chake kikipapasa kitako cha bunduki, ndani ya duka lililofungwa kwa ajili ya joto la mchana, Dubai, mwaka 2014.

Duka lilikuwa upande wa Deira. Tuliuza vitu vya uwindaji na vya kulala jangwani: mahema, birika za kahawa, glavu za ngozi za kushikia kozi, wale ndege wa kuwindia, na huko nyuma, ng'ambo ya mlango wa chuma, bunduki. Mimi nilikuwa keshia. Bwana Nasor ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa chuma. Alizaliwa hukohuko Dubai, lakini wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, mimi wa bara nikifungua mdomo mbele yake nilijihisi nimevaa viatu vya matope sebuleni kwa watu. Salongo alikuwa askari wa mlangoni, aliyeletwa na kampuni ya ulinzi. Jina lake la cheti alilijua mhasibu tu. Kwao Buganda mwanamume akijaliwa mapacha anakuwa Salongo na mkewe Nalongo, na tangu hapo kumwita kwa jina lingine ni kama kumvua kofia mbele za watu. Arbab, mwenye duka, alipita mara chache, akatusikia watatu tukizungumza Kiswahili, akauliza kwa nini tunagombana.

Saa saba mchana tulikuwa tukishusha mlango wa nje nusu, mpaka saa kumi. Kurudi Discovery Gardens nilikopanga kitanda ilikuwa safari ya metro na basi, na Salongo naye alilala hukohuko, mtaa wa pili, chumba cha wanaume saba. Kwa hiyo hatukwenda popote. Tulikula stoo, kati ya makatoni ya mahema, kwenye meza yenye birika la umeme na friji ndogo iliyonguruma. Mimi nilileta chapati na ndengu, Salongo matoke alipoyapata na wali alipoyakosa, na Bwana Nasor bakuli kutoka kwa mkewe, Bi Salma, ambalo kila siku alisema limejazwa kwa bahati mbaya. Baada ya kula Salongo alijiegemeza nyuma ya makatoni akampigia Nalongo. Kiganda sikukijua, lakini mtu akisikia simu ileile kila mchana hujikuta anaielewa. Nilijua sauti ya mvua imechelewa. Nilijua sauti ya watoto wanaumwa. Na mwezi Machi nilisikia sauti mpya, ya mtu aliyedhulumiwa, na alipokata simu tukamuuliza kulikoni.

"Ni kindi," alisema. "Nalongo amepanda mahindi na karanga, amemaliza, amechoka. Asubuhi anaamka, kindi wamefuata ule mustari wote. Shimo kwa shimo. Wamekula mbegu kabisa."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kwetu kindi ni kitu cha watoto kukimbiza. Bwana Nasor hakucheka. Alisema marehemu baba yake alikuwa akiwaita kuchakulo, na kwamba huko Unguja waliwahi kumtia mzee yule hasara ya shamba zima. "Sumu usitie," akaonya, "utaua kuku na pengine mtoto. Kuchakulo dawa yake bunduki ndogo. Ile ya ishirini na mbili." Akaenda akaleta risasi moja kwenye kiganja, nyembamba, fupi kuliko kifundo cha kidole changu, akatueleza kwamba hii haigongwi katikati ya kitako chake kama risasi kubwa, inagongwa ukingoni, haina kishindo, haivunji bega, na haisafiri mbali ikaenda kuua ng'ombe wa jirani, mradi mtu apige kuelekea ardhini. Salongo aliichukua akaiviringisha kati ya vidole. Nadhani hapo ndipo aliponaswa.

Hakukuwa na ujinga katika mpango ule, nataka lieleweke hilo, maana nikisimulia watu hudhani tulikuwa watatu wa kuota mchana. Sheria ilikuwepo. Binamu wa Salongo angefuatilia kibali cha polisi huko kwao, kibali kikitoka Bwana Nasor angeomba ruhusa ya kuisafirisha, na mkataba wa Salongo ulikuwa unaisha Desemba. Makaratasi yangechukua muda, kwa hiyo muda wa kuchagua tulikuwa nao. Na mtu aliyesimama mlangoni pa watu saa kumi na mbili kwa siku, akiwafungulia wanaonunua, ana haki ya kuwa mnunuzi mahali fulani. Mchana wa kwanza Bwana Nasor alitandaza kitambaa cha kijani juu ya meza ya stoo, akaleta bunduki ya Kicheki yenye kitako cha mbao, akavuta bolti, kile kikono cha kuifungua, akachungulia chemba inamokaa risasi, akamwonyesha Salongo kuwa ni tupu, kisha akanionyesha na mimi kana kwamba na mimi ni shahidi. Salongo alinawa mikono kwanza. Akaiweka begani, akalaza shavu, akafumba jicho la kushoto kama wafanyavyo watu wote wanaolenga kwa mkono wa kulia. Alikaa hivyo kitambo. Akaishusha.

"Mbao ni nzuri," alisema. "Lakini iko na kilenga mubaya. Ile ncha ya mbele haionekani."

"Bunduki hii watu wanaililia, bwana!"

"Walie, sebo. Mimi haionekani." Kwao sebo ni bwana, na nyabo ni bibi.

Basi ikawa ndiyo michezo yetu. Mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya bakuli la Bi Salma, kitambaa cha kijani kilitandazwa. Kulikuwa na yenye kujipakia yenyewe, Salongo akasema inakula risasi kwa pupa, kindi mmoja anataka risasi moja. Kulikuwa na fupi ya plastiki nyeusi, nyepesi, ambayo mimi niliipenda kwa kuwa hata mimi ningeweza kuibeba. Akasema ni nyeusi mno, ncha nyeusi, mtutu mweusi, mtu atalenga gizani. Bwana Nasor, ambaye aliweza kumuuzia hema mtu aliyeingia kuulizia choo, alianza kuona fahari yake imeguswa. Akaniomba rangi yangu ya kucha, nyeupe, akachovya kijiti cha kiberiti akadondosha tone kwenye ncha ya kilenga cha mbele. "Hivi ndivyo wafanyavyo wenyewe," alisema. "Haya, sasa hata usiku utaiona. Mwenye macho haambiwi tazama." Salongo alilaza shavu, akafumba jicho la kushoto, akasubiri. "Kuna ukungu," alisema. Bwana Nasor akatupa kijiti. "Mchagua nazi hupata koroma, yakhe! Hebu niambie, huko kwenu mke ulimpata vipi?" Tukacheka sote watatu. Salongo ndiye aliyecheka zaidi.

Nikirudi nyuma sasa naona mambo yalivyokuwa wazi. Nilikuwa nikimwekea kikombe upande wa kulia naye anauliza chai yake iko wapi, nami namjibu, "Kwani unataka nikunyweshe pia?" Bega lake la kulia lilikuwa limechubuka kwa kugonga rafu ileile. Lakini nani huangalia mambo hayo? Tulikuwa watu tuliochoka, kila mmoja na lake, na Salongo alikuwa na miaka thelathini na sita na meno yote. Yeye mwenyewe, naamini mpaka leo, miezi ile ya kwanza hakujua. Macho mawili yakiwa wazi, moja humbebea mwenzake mzigo bila kusema. Hakuna kazi nyingine pale Dubai iliyomtaka afumbe jicho la kushoto. Bunduki tu ndiyo iliyomtaka, naye kila alipolifumba aliona giza akailaumu bunduki.

Kitu kimoja alichokitaka kuliko hata hiyo bunduki alikisema siku moja nikimkatia embe. Aliwaacha mapacha wake, Waswa na Kato, kabla hawajajua kukaa. Sasa walikuwa wanaongea kwenye simu, na sauti zao zilikuwa moja, alikuwa akisema "Waswa" anajibiwa kwa hasira, "Mimi Kato." Lilimkera sana. "Nyabo Wambui, baba gani huyu, anatambulishwa watoto wake? Nikifika Entebe, mutu asiniambie. Mimi nitawaangalia, halafu nitasema: wewe Waswa, wewe Kato. Mimi mwenyewe." Alikuwa amemkataza Nalongo kuwataja kwa majina siku hiyo.

Ilikuwa mwezi wa Mei Bwana Nasor alipoleta darubini. Aliifunga juu ya bunduki ya Kicheki, ileile ya kwanza, akasema huu ndio mwisho wa maneno. Alimkalisha Salongo kwenye kiti, mtutu ukielekea ule upenyo wa mlango ulioshushwa nusu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa lenye maandishi ya kijani. "Fumba jicho, nisomee lile bango." Salongo alilaza shavu. Feni ya stoo ilikuwa ikizunguka. Alikohoa. Akasema imeandikwa famasi. "Hilo twalijua sote, kila siku twapita hapo," Bwana Nasor alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chini yake pana nini?" Salongo akasema kuna namba ya simu. Niliinama nikachungulia kwenye upenyo. Chini ya bango palikuwa na picha ya mtoto anayecheka, kubwa kama mlango. Bwana Nasor hakumwambia kuwa amekosea. Alikwenda nyuma ya kiti, akaichukua bunduki taratibu kutoka bega la kulia akaihamishia la kushoto, kama mtu anavyomhamisha mtoto aliyelala. "Hebu jaribu huku." Alilaza shavu la kushoto. Halafu Salongo akasema, "Mutoto. Anacheka." Akaiondoa bunduki begani, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akageuka kunitazama mimi, kisha Bwana Nasor, kisha taa. Sitasahau namna alivyoigeukia taa.

"Basi," alisema Bwana Nasor. "Tule kwanza." Tulikuwa tumeshakula.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, sisi wawili, kwenye gari la Bwana Nasor. Kliniki ya kampuni ya ulinzi aliikataa katakata, nasi tulijua kwa nini: habari ya mlinzi asiyeona ingefika ofisini kabla yake. Daktari alikuwa Mhindi wa sauti ya chini, na alieleza bila haraka. Ni presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kichwani unakufa pole pole, kuanzia pembeni kuja katikati, bila maumivu, na mwenyewe hana habari. La kulia limekwisha. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila jioni, na bora zaidi kwa upasuaji, na upasuaji usichelewe. Salongo aliuliza swali moja tu: "Litafika Desemba?" Daktari akasema hakuna mtu anayeweza kumwahidi mwezi.

Kwenye gari tuligombana. Nasema tuligombana, lakini tulikuwa mimi na Bwana Nasor tukigombana na mgongo wa mtu. Akifanyiwa upasuaji kampuni ingejua, na ikijua, khalas, yamekwisha, ni kufutiwa viza na tiketi ya kurudi. Akivunja mkataba anapoteza haki yake ya mwisho, yale malipo ya kumaliza mkataba, na nyumba aliyokuwa akiijenga ilikuwa imefika kwenye madirisha. Bwana Nasor alimwambia nyumba husubiri. Nilimwambia kuwa Nalongo angechagua macho kuliko bati. "Nalongo usimwambie," alisema, ndilo neno pekee alilolitoa kwa ukali mwaka mzima. Kisha, tulipofika kwenye mataa, akasema taratibu kwamba mtu hawezi kurudi kwa mkewe bila macho na bila nyumba pia, angalau kimoja. Nilimkasirikia. Bado namkasirikia, marehemu na yote, na yeyote anayetaka kuniambia kuwa kila jambo lina makusudi yake asinijie nikiwa na mwiko mkononi.

Ile dawa ilitakiwa kukaa kwenye baridi. Chumbani kwake friji ilikuwa ya watu saba na vitu vilipotea, kwa hiyo ilikaa kwenye friji ya stoo, karibu na mtindi wangu. Kila jioni kabla sijafunga hesabu alikuja akaketi kwenye katoni, akarudisha kichwa nyuma, nami nikamdondoshea, tone moja kwenye lile lililo hai na moja kwenye lililokufa, kwa sababu alisema si vizuri kulibagua. Tone lilipoingia alikuwa akikunja vidole vya miguu ndani ya buti. Niliona ngozi ya buti ikitikisika. Siku nyingine aliuliza kama anga lina vumbi. Kitambaa cha kijani nacho kiliendelea kutandazwa, hilo lilinishangaza. Bwana Nasor alileta bunduki moja baada ya nyingine kana kwamba hakuna lililotokea, na Salongo akajifunza kuziweka bega la kushoto, bolti ikawa upande usio wake, akawa anaivuta kwa kupitisha mkono juu. Alikuwa akijifunza. Mtu hujifunza kwa ajili ya kitu atakachokitumia, nami nilipomwona hivyo nilipata moyo kidogo.

Mwezi wa Agosti kampuni ilimhamisha. Hakuna aliyemchongea, walinzi huhamishwa tu. Alipelekwa kulinda jengo lililokuwa likijengwa Jumeirah Village Circle, na Ijumaa moja ya Oktoba nikaenda kumwona nikiwa na chapati na chupa mpya ya dawa niliyoizungushia barafu ndani ya taulo. Wakati ule sehemu kubwa ya mtaa ule ilikuwa mchanga na winchi. Kibanda chake kilikuwa cha bati jeupe, na feni ilikuwa ikisukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine. Nilisimama mlangoni, naye alikuwa amekaa akinitazama usoni kabisa.

"Karibu, bosi," alisema kwa Kiingereza. "Una kibali cha kuingia?"

"Ni mimi, Salongo."

"Ah! Nyabo Wambui!" Alisimama akanyoosha mkono, na mkono ukaenda kushoto kwangu. Niliufuata nikaushika.

Alinionyesha jinsi alivyojipanga, kwa fahari iliyoniumiza. Lori likifika anamwambia dereva ataje namba zake mwenyewe kwa sauti, kama utaratibu mpya wa usalama. Mabosi anawajua kwa harufu ya manukato. Dawa alikuwa akija nayo kazini, maana zamu haikumwacha kuidondosha chumbani, na aliitia kwenye jagi la barafu, lakini barafu ile ilikuwa ikiyeyuka kabla ya saa nne asubuhi. Niliigusa chupa ya zamani. Ilikuwa na joto kama chai ya mgonjwa. Alikuwa akijidondoshea hiyo kila jioni bila kukosa. Nilimwambia arudi nyumbani sasa, leo, nikamwambia kwa sauti ya kumkemea mtoto, nikalia. Alinipa kiti chake. Akasema Septemba Nalongo amepanda tena, na safari hii amelala shambani na debe la kupiga, na nyumba imeshapata bati. "Imebaki kidogo, nyabo. Bambi, usilie. Imebaki kidogo sana." Tulikula zile chapati bila kitu. Aliikata yake vipande vinne vilivyolingana, kwa vidole, haraka kuliko mimi.

Desemba ilifika, mkataba ukaisha, akapewa haki yake yote. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja dukani saa za kufunga mchana, akiwa amevaa suti ya kijivu iliyompwaya. Bwana Nasor alikuwa ameshazipanga zote mezani, safu moja, juu ya kitambaa cha kijani, kila moja ameifungua chemba. Hakuna aliyetaja kilenga wala darubini. Salongo alinawa mikono. Alianza mwanzo wa safu akawa anapitisha kiganja: kitako, shingo, bolti, mtutu mpaka ncha, kisha ya pili, kisha ya tatu, na uso wake alikuwa ameuelekeza ukutani. Alipofika kwenye mbao ya ile ya Kicheki alisimama. Akairudia. "Ni hii ya kwanza," alisema. "Siyo?"

"Ndiyo hiyo," alisema Bwana Nasor.

"Haikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa hata chembe, bwana."

"Niombee radhi kwake, sebo. Nimemtukana mwaka mzima." Akacheka kile kicheko chake. Bwana Nasor alibandika utepe wa karatasi kwenye kitako akaandika jina, akairudisha nyuma ya mlango wa chuma, na alikaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kurudisha bunduki. Kibali cha binamu hakikutoka kamwe. Kesho yake tulikula kwa Bwana Nasor, Rashidiya, Bi Salma akampakulia Salongo kila kitu upande wa kushoto wa sahani bila kuambiwa na mtu, na jioni tukamsindikiza uwanja wa ndege, mahali karibu tu na hapo. Mfanyakazi wa uwanja alimshika kiwiko. Alitupungia mkono, akiwapungia watu wengine waliosimama karibu nasi, nasi tukasogea hapo walipo ili tupungiwe.

Tuliendelea kuzungumza kwa simu miaka yote hiyo, mimi nikiwa kulekule, kisha nikiwa hapa Nakuru na duka langu la vifaa vya shule. Mwanga wa mwisho ulimtoka kabla mwaka haujageuka. Hakulalamika kwangu. Na kila tulipozungumza alinirudia habari ya Entebe, kwa maneno yaleyale: alivyotoka, alivyowaona wawili wamesimama, alivyopiga magoti, na kabla mtu hajafungua mdomo akasema wewe Waswa, wewe Kato, na akapatia. "Mimi mwenyewe, nyabo. Mutu hakuniambia." Niliifurahia habari ile kila mara. Katika hasira zangu zote juu ya mwaka ule, ilikuwa kitu kimoja nilichoweza kumshukuru nacho Mungu: kwamba lile jicho lilisubiri.

Maziko sikuyawahi, kwao huzika upesi. Nilikwenda wiki tatu baadaye, basi usiku kucha mpaka Kampala, kisha Masaka. Nalongo ni mwanamke mrefu mwenye mikono mikavu ya jembe. Kiswahili hana, kwa hiyo tulikaa kwenye mkeka, Kato kati yetu akitafsiri, kijana wa miaka kumi na minne mwenye ndevu tatu kidevuni. Waswa alileta chai akaketi mlangoni. Nyumba ile nzuri, bati lake, madirisha yake. Nalongo alinieleza kwamba msimu wa kupanda Salongo alikuwa akiketi pembeni mwa shamba tangu alfajiri, akiwasikia kindi kabla ya mtu yeyote kuwaona, na kurusha mawe kwa kufuata sauti. Alipata mmoja mara moja, na wiki nzima kijiji hakikupumzika kwa majigambo yake. Tulicheka. Kisha, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimetulainisha, nikataja Entebe, nikasema jinsi alivyokuwa akinisimulia.

Nalongo aliweka kikombe chini. Alizungumza kwa muda, akitazama mkeka, na Kato akasubiri mpaka amalize. "Mama anasema," alianza, "siku ile alituvalisha mashati meupe, akatusimamisha mbele kabisa. Kulikuwa na watoto wa kwaya ya chekechea, wamekuja kupokea mchungaji, na wao wamevaa meupe. Baba alitoka. Alitupita." Alimtazama mama yake. "Aliwapigia magoti wawili wa kwaya. Akawashika. Alikuwa analia, amefumba macho. Akasema huyu Waswa, huyu Kato. Mama alimwomba mwalimu wao kwa mikono, anyamaze. Wale watoto pia hawakusema kitu. Halafu mama aliwatoa taratibu, mmoja, mmoja, akatuweka sisi."

Waswa pale mlangoni alikuwa ametugeuzia mgongo. Nilimuuliza Kato kama katika miaka yote hiyo, hata kwa utani, hata kwa hasira ya kitoto, kuna mmoja wao aliyewahi kumwambia baba yao. Swali hilo hakumtafsiria mama yake.

"Hapana, senga," alisema. "Alikuwa anafurahi sana akisimulia."